Filme za kuogopesha: tuchague zipi kwa nyumba zetu?



Vakansi inapokaribia, watoto wetu wanaomba filme. Zamani waliomba za karate. Sasa wanataka za kuogopesha: mizimu, majini, maiti wanaofufuka usiku. Wamama wengi wametuuliza sisi walimu: tuwakataze kabisa, ama tuwaachie? Tumezungumza sana juu ya jambo hili, na kwa miezi kadhaa kikundi chetu cha walimu wamama pamoja na wazazi kimekuwa kikitafuta filme hizi, kuziangalia sisi wenyewe kwanza, na kuzipanga: hii ya watoto, hii ya wakubwa, hii isiingie nyumbani. Leo tunawapa tuliyoyapata.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Woga wenyewe si adui. Bibi zetu walituogopesha kila jioni kando ya moto, na tukalala vizuri. Adui ni filme inayomfundisha mtoto kumnyooshea mwenzake kidole.

Kwa nini tunazungumza za bei ndogo

Filme kubwa za Marekani zina fedha nyingi na kelele nyingi, lakini nyumba zao si nyumba zetu. Filme zinazowashika watoto wetu ni zile zilizotengenezwa na watu wasio na kitu: kamera moja, ua wa jirani, shangazi anayekubali kuigiza bila malipo. Ndiyo maana zinafanana na maisha yetu, na ndiyo maana zinaaminiwa haraka.

Mwaka 1992 huko Nigeria ilitolewa Living in Bondage, iliyopigwa kwa mikanda ya video ya kawaida, kwa lugha ya Kiigbo. Haikupita kwenye majumba ya sinema. Iliuzwa sokoni kama nguo, na wengi wanasema hapo ndipo biashara ya filme za Nigeria ilipoanza kukua. Huku Uganda, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Nabwana I.G.G. na majirani zake walitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotolewa mwaka 2010, kwa fedha inayosemwa kuwa chini ya dola 200, na bunduki za kuigizia wakaziunda kwa vyuma chakavu. Hiyo ni ya vita na ya kuchekesha, si ya mizimu. Tunaitaja ili mjue kwamba ukosefu wa fedha haumzuii mtu kutengeneza filme.

Filme hizi zinatufikiaje? Mnajua wenyewe. Kijana anapakia kumi au ishirini kwenye fulashi au kadi ya telefone huko Goma, anapanda pikipiki, na baada ya siku chache zimefika Nyabiondo, zimefika Mubi. Katika miji ya machimbo kama Rubaya, kibanda cha video kina jenereta, benchi za mbao na kipaza sauti, na mlangoni hakuna anayeuliza umri. Nyumbani tuna telefone, batri na pano ya jua.

Jambo moja wazazi wengi hawalifikirii: mfasiri. Filme nyingi tunazoziona zimepita kinywani mwa mtu anayezungumza juu ya sauti za waigizaji. Waganda wanawaita VJ. Watanzania walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake inajulikana hata huku kwetu. Sisi tunapata pia zile zilizofasiriwa kwa Kinyarwanda. Kazi hiyo ni nzuri, inawasaidia wasiojua Kiingereza. Lakini mfasiri anaongeza chumvi. Tumeangalia filme moja mara mbili, kwa wafasiri wawili. Kwa wa kwanza bibi kizee alikuwa mjane mwenye huzuni. Kwa wa pili alikuwa mlozi tangu dakika ya kwanza, na mwigizaji mwenyewe hakuwa amesema neno hilo hata mara moja. Basi tusiulize tu jina la filme. Tuulize pia ni nani anayeifasiri.

Kilichotokea darasani

Mwaka jana, katika mwaka wa tatu wa msingi, tulikuwa na mtoto msichana, yatima wa mama, anayelelewa na mke mwingine wa baba yake. Ni mtoto wa kimya. Usiku anaota na kupiga kelele, na mara nyingine analowanisha kitanda. Kwa mtoto aliyekimbia vita mara tatu, hayo si ajabu.

Jumatatu moja wenzake walikataa kukaa naye benchi moja. Jumamosi walikuwa wameona, katika kibanda cha video, filme ya mtoto anayetoka mwilini usiku na kula nyama za ndugu zake. Mtoto wa filme alikuwa yatima. Alikuwa kimya. Alipiga kelele usingizini. Wakahesabu alama, na alama zote zikamwangukia mwenzao. Kabla ya saa sita mchana alikuwa na jina jipya: mlozi mdogo. Jioni jina hilo lilifika nyumbani. Wiki hiyo mtoto mdogo wa pale nyumbani alishikwa na homa. Mnaelewa mambo yalivyokuwa yakielekea.

Wamama watano wa kikundi walikwenda pale nyumbani siku hiyohiyo. Hawakwenda na maneno makali. Walikwenda na unga na sabuni, wakakaa, wakamsikiliza mama wa nyumba, naye alikuwa amechoka na ana woga wa kweli. Walimpeleka mtoto mwenye homa kituo cha afya, akapimwa, akakutwa na malaria, akatibiwa. Halafu wakazungumza na baba juu ya sheria. Msichana yule yuko bado nyumbani kwao, na yuko bado shuleni. Lakini tunajua watoto wa mitaa mingine ambao hawakupata wamama watano kwa wakati. Walifukuzwa, walifungiwa kwa siku nyingi bila chakula ili waungame, wakaishia kulala sokoni.

Sheria yenyewe kila mama anapaswa kuijua. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi. Na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba anayemsingizia mtoto ulozi anaweza kufungwa mwaka mmoja hadi miaka mitatu na kulipa faini. Haisemi isipokuwa mzazi. Haisemi isipokuwa mchungaji. Na haisemi isipokuwa mtu aliyeona katika filme.

Maswali matatu kabla ya kuwasha

Tangu siku hiyo tunapima kila filme ya kuogopesha kwa maswali matatu. Si lazima mama awe amesoma sana ili kuyauliza.

La kwanza: katika hadithi hii, nani anaitwa mbaya? Kama ni mtoto, bibi kizee, mjane, mtu mwenye ulemavu au mgeni, tufungue macho.

La pili: ushahidi umetoka wapi? Kama ni ndoto ya mtu, ama neno la mganga, na hakuna anayeuliza zaidi, filme inawafundisha watoto kuhukumu bila kujua.

La tatu: mwishoni yule anayesingiziwa anatetewa ama anateswa? Na filme inatutaka tumlilie, ama tumpigie makofi anayempiga?

Filme inaweza kujaa mizimu na ikayapita maswali haya vizuri. Nyingine haina hata tone la damu na ikaanguka swali la kwanza.

Zile tunazozipendekeza

Living in Bondage ya Nigeria, ya wakubwa na vijana waliomaliza miaka 16. Andy anataka utajiri wa haraka kama rafiki zake. Anaingia katika kundi la siri, na bei anayoambiwa alipe ni mke wake, Merit, anayempenda. Analipa. Utajiri unakuja, na Merit naye anarudi, kila mahali Andy anapokwenda. Picha zake ni za zamani na sauti si safi, lakini tuliiangalia wamama kumi na wanne na hakuna aliyesinzia. Mbaya wa hadithi hii ni tamaa ya mtu mzima, aliyechagua mwenyewe akiwa na akili zake. Kwetu sisi wa nchi ya machimbo, ambapo watu wanaulizana kila siku fulani ametajirikaje, ni filme ya kuzungumza na bwana zetu na vijana wetu.

Nsyuka na Shumileta za Tanzania, zote za Mussa Banzi, za miaka ya 2000. Hizi zina faida kubwa: zimeigizwa kwa Kiswahili, hazihitaji mfasiri wa kuongeza chumvi. Shumileta ni jini wa kike anayempenda mwanamume binadamu. Vitisho vyake vya kompyuta vitawachekesha vijana wa leo, na kicheko hicho ni dawa. Mtoto anayemcheka jini hatamwota. Kwa vijana wa miaka 14 na zaidi, mzazi akiwa karibu.

Kati Kati ya Kenya, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mbithi Masya. Haifiki hata saa moja na nusu. Msichana anaamka peke yake porini, amevaa nguo ya hospitali, hakumbuki kitu. Anaona nyumba za kupumzikia wageni, anakuta watu, na wanamwambia taratibu kwamba wote pale wamekufa, na yeye pia. Hakuna zimwi. Kinachowatisha wale watu ni yale waliyoyatenda walipokuwa hai na hawataki kuyatazama. Wanachanganya Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo mmoja awe tayari kuwaeleza wengine. Tunawashauri muiangalie katika vikundi vya wamama waliofiwa, lakini mkiwa pamoja, si mtu peke yake.

I Am Not a Witch, ya mwaka 2017, ya Rungano Nyoni, mwanamke aliyezaliwa Zambia. Jina lake maana yake ni "Mimi si mlozi." Kama mtaona moja tu katika hizi zote, iwe hii. Mtoto wa kike wa miaka kama minane, asiye na ndugu, anasingiziwa kwa sababu mwanamke mmoja alijikwaa akamwaga maji yake, na kwa sababu mwanamume mmoja anadai mtoto yule alimkata mkono. Mkono upo palepale mwilini: alikuwa ameota. Anapelekwa kuishi na vikongwe wanaoitwa walozi, wote wamefungwa kwa utepe mrefu mweupe mgongoni, na anaambiwa kwamba akiukata utepe atageuka mbuzi. Wakubwa wa serikali wanamtumia kutafuta wezi na kuleta mvua. Kuna mahali pa kucheka, na ghafla kicheko kinatukwama kooni. Mwisho wake ni mzito, kwa hiyo si ya watoto wadogo. Ni ya wazazi, ya walimu, ya wachungaji, ya machifu.

Atlantique ya Senegal, ya Mati Diop, iliyopewa tuzo ya pili kwa ukubwa huko Cannes mwaka 2019. Bei yake haikuwa ndogo kama zile nyingine, lakini ni ya mtengenezaji wa kujitegemea, na inatugusa. Vijana wanajenga mnara mjini Dakar na hawalipwi miezi na miezi. Wanapanda mtumbwi kwenda Ulaya, wanazama. Usiku roho zao zinaingia katika miili ya wasichana wa mtaa, na wanakwenda nyumbani kwa tajiri kudai mishahara yao. Mama mwenye mtoto katika mashimo ataielewa bila mfasiri.

Night of the Living Dead ya Marekani, ya mwaka 1968, ya George Romero. Ilitengenezwa kwa dola kama 114,000, kiasi kidogo sana kwa filme ya kule. Wasambazaji walisahau kuandika alama ya haki za mtunzi, basi imekuwa mali ya watu wote: kila mtu anaweza kuinakili na kuionesha bila kumwibia mtu. Maiti wanafufuka, watu wachache wanajifungia nyumbani, na anayewaongoza vizuri kuliko wote ni mwanamume mweusi. Anaushinda usiku mzima. Asubuhi wanakuja watu wa kuokoa, wanamwona dirishani, wanadhani ni maiti, wanampiga risasi. Kumbe hatari ya mwisho ilitoka kwa walio hai, waliokuwa na haraka ya kuhukumu. Ni ya wakubwa peke yao, na asiionyeshe mtu kwa aliyeshuhudia mauaji.

Zile tunazozikataa

Tunataja moja, kwa sababu inajulikana: End of the Wicked ya Nigeria, ya mwaka 1999. Inaonesha watoto wanaoingizwa katika ulozi na kuzidhuru familia zao. Watetezi wa haki za watoto wameilaumu sana kwa kueneza imani hiyo katika majimbo ya kusini ya Nigeria, ambako watoto wengi waliteswa na kutupwa. Imeanguka maswali yote matatu. Zipo nyingi za namna yake kwenye fulashi zetu, nyingine hazina hata jina. Mkikuta picha ya kwanza ni mtoto mwenye macho mekundu, zimeni.

Namna ya kuangalia pamoja

Mama aiangalie kwanza peke yake, hata kama ni kwa kuruka-ruka. Watoto waiangalie mchana, si kabla ya kulala. Sauti ishushwe, maana woga mwingi unaingia kwa masikio. Jaribuni kuondoa sauti kabisa, mtaona zimwi linageuka mtu aliyejipaka unga. Simamisheni filme katikati na muulize: damu hii wameitengeneza na nini? Watoto wanapenda swali hilo, na jibu ni rangi nyekundu ya chakula.

Mtoto aliyesikia risasi za kweli asionyeshwe filme ya risasi, hata kama anaomba. Akianza kutetemeka, kukojoa kitandani tena ama kunyamaza siku nyingi, filme zisimame kwanza, na mzungumze na mwalimu ama na mhudumu wa kituo cha afya. Na baada ya kila filme, iwe fupi iwe ndefu, lile swali la kwanza liulizwe kwa sauti mbele ya watoto: nani aliitwa mbaya, na je, ilikuwa haki?

Tunayo yetu

Wamama wa Walikale, tunapotafuta hadithi za kuogopesha, tusisahau kwamba moja ya zile kubwa za Afrika nzima ni ya kwenu. Ni ile ya Mwindo, ya Wanyanga. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliiimba na kuisimulia, ikaandikwa, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mtaalamu aliye mwenyewe Mnyanga, wakaitoa katika kitabu.

Angalieni kilichomo. Chifu Shemwindo anawaambia wake zake wazae wasichana tu. Anazaliwa mvulana, tena si wa kawaida: anazaliwa akitembea, akizungumza. Leo mtoto kama huyo angeitwa nini? Baba yake anamrushia mikuki. Anamzika akiwa hai. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Ni mambo ya kutisha kuliko filme nyingi tulizozitaja. Lakini hadithi inasimama upande wa mtoto tangu mwanzo hadi mwisho. Shangazi yake, Iyangura, anampokea na kumtetea. Na Mwindo, anapomfuata baba yake hadi chini kuzimuni, hamwui. Anamrudisha nyumbani, na baba anakiri kosa lake mbele ya watu. Baadaye Mwindo anakutana na Kirimu, zimwi la msitu lenye vichwa saba, linalomeza watu. Hilo ndilo zimwi. Mtoto siye.

Wazee wetu walijua kuogopesha bila kumtoa mtoto sadaka. Ndiyo sababu vakansi hii wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wanaigiza sehemu ya Kirimu, na tunaipiga kwa telefone moja. Vichwa saba ni bido saba za manjano, tumezichora meno kwa makaa. Ngoma tumeiazima kanisani. Gharama hadi leo ni betri za tochi na rangi kidogo.

Vikundi vinavyotaka orodha ya filme, ama vinavyotaka kuangalia moja pamoja nasi, waje kwenye mkutano wa Jumamosi, saa nane, na fulashi tupu. Wanaoweza walete bido moja iliyotoboka: Kirimu bado anahitaji mkia.